Mali bila daftari: mwaka mmoja wa kunyoosha hesabu zangu za kodi

Mimi ni fundi umeme wa kujitegemea. Sina mwajiri wa kunikata kodi juu kwa juu, wala karani wa kunikumbusha. Shajara hii naiandika kadiri kazi inavyosonga, ili fundi mwenzangu, mshonaji, mpiga picha au yeyote anayejiajiri achukue kinachomfaa na aruke mashimo niliyotumbukia. Tarakimu ni za kwenye daftari langu. Sitaji ni fedha ya wapi, maana hesabu ni ile ile. Viwango na tarehe za mwisho kila mtu ataangalia vya kwao.

7 Januari 2024: Mfuko

Usiku wa nne huu nimekaa sakafuni na mfuko wa risiti za mwaka mzima. Nimezimwaga, nimezihesabu: 212. Zinazosomeka ni 165. Zilizobaki, 47, ni nyeupe pe, kama hazijawahi kuandikwa kitu. Mapato nimeyakusanya kwa kupekua jumbe za simu, taarifa ya benki na kumbukumbu ya kichwa, na kichwa changu hukumbuka kazi zilizonitesa kuliko zilizonilipa.

Muda: saa 19. Ritani, ile fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, niliyokuwa nimeikalia kwa miezi imeingia, faini juu yake. Faida niliyoitangaza ni kubwa kuliko niliyoipata, kwa sababu gharama nisiyoweza kuithibitisha nimeiacha nje. Waliosema mali bila daftari huisha bila habari walikuwa wananisema mimi, ila kwangu habari ilikuja, na imeandikwa "adhabu ya kuchelewa".

Lengo la mradi: ritani ijayo niijaze kwa kikao kimoja, na kila mstari uwe na karatasi yake.

14 Januari: Akaunti mbili

Nimefungua akaunti ya pili kwa ajili ya kazi tu. Pesa ya wateja inaingia huko, vifaa na mafuta ya gari vinalipwa kutoka huko. Kila Ijumaa najihamishia kiasi cha nyumbani, mara moja, basi. Hela hiyo ninayojichukulia si gharama ya biashara. Ni faida yangu naila, na haipunguzi kodi hata kidogo. Mwaka jana niliiita "mshahara wangu" nikaiweka kwenye gharama. Tusiendelee.

Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote na ndiyo imenisaidia kuliko zote. Kama huna muda wa kusoma mengine, fanya hii.

11 Februari: Daftari la kwanza, na hela isiyo yangu

Nilianza na daftari la kawaida: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Wiki tatu likaenda vizuri, nikajiona mhasibu. Kisha nikampelekea mhasibu wa kweli, dada mmoja niliyemtengenezea soketi na yeye akanilipa kwa saa moja ya ushauri. (Hilo nalo ni pato, aliniambia hata kabla sijakaa. Kulipana kazi kwa kazi hakufuti kodi. Unaandika thamani yake.)

Akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Fundi, hii 60,000 ni ya nani?"

"Yangu, dada. Mteja alinipa kianzio."

"Yako yote?"

"Ah, 45,000 ni ya vifaa."

"Na risiti za vifaa zina jina la nani?"

Nikanyamaza. Risiti tatu zilikuwa na jina la mteja, mbili jina langu, na moja jina la msaidizi wangu, kwa kuwa ndiye aliyetumwa dukani.

Alinieleza hivi, nami naandika kama nilivyoelewa. Kuna namna mbili za kushika pesa ya vifaa. Ama mimi ni mtu wa kutumwa: mteja ananipa 45,000 nimnunulie waya na swichi, risiti inatoka kwa jina lake, chenji inarudi kwake, na pato langu ni 15,000 ya ufundi tu. Ama nauza kazi nzima: ankara yangu ni 60,000, zote ni pato, vifaa vya 45,000 ni gharama yangu na risiti lazima iwe na jina langu. Faida kwa njia zote mbili ni 15,000. Lakini mauzo yanayoonekana ni 15,000 au 60,000, na pale ambapo mfanyabiashara mdogo anatozwa kodi kwenye mauzo badala ya faida, au kuna kiwango cha mauzo ambacho ukikifikia lazima ujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, tofauti hiyo ni ya kukutoa jasho.

Nisichoweza kufanya ni kuchanganya, na ndicho nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nimeingiza 60,000 kama pato, halafu risiti zenye jina la mteja siwezi kuzidai kama gharama. Yaani nilikuwa najitoza kodi kwa waya wa mtu mwingine.

Marekebisho: kila kazi sasa ina namba, na kabla sijapokea kianzio naamua ni namna ipi, naandika kwenye karatasi ya makubaliano. Daftari limepata safu ya "ya mteja". Hela ikiingia humo si yangu, inakaa humo mpaka itoke kwa vifaa au irudi kwa mwenyewe, na kazi ikifungwa safu hiyo lazima isome sifuri. Nimerudia kurasa 9. Saa 5.

Msaidizi wangu naye amepewa karatasi ya kubeba dukani yenye jina la kuandikwa kwenye risiti. Amecheka. Ameibeba.

3 Machi: Kwa nini risiti zinakuwa nyeupe

Zile 47 zilikuwa zinanikera. Kumbe risiti nyingi za mashine hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inachapa kwa kuipasha moto nukta kwa nukta. Kwa hiyo jua, joto, mafuta ya mikono na aina fulani za plastiki huila. Na mimi nilikuwa nazitunza wapi? Kwenye dashibodi ya gari, ndani ya mfuko wa plastiki.

Mwanzoni mwa Februari niliweka risiti tatu za siku moja sehemu tatu. Leo nimezitoa. Ya dashibodi imekuwa ya kijivu, unaisoma kwa kuiinamisha kwenye taa. Iliyokuwa kwenye plastiki imefifia pale ilipogusana na plastiki. Ya bahasha ya karatasi, ndani ya droo, iko kama ilivyotoka dukani. Nyingine nilizibandika kwenye daftari kwa selotepu iliyopita juu ya maandishi, nikidhani nazilinda. Gundi ya selotepu imeyafuta mstari kwa mstari.

Utaratibu mpya: risiti ikitoka, naandika nyuma yake kwa penseli namba ya kazi, kiasi na kilichonunuliwa. Napiga picha siku hiyo hiyo. Jioni inaingia bahasha ya karatasi ya mwezi husika. Kabla ya kutegemea picha peke yake nimeangalia kama sheria inakubali nakala. Sehemu nyingi zinakubali ikiwa inasomeka yote, lakini usichukue neno langu. Angalia pia unatakiwa kutunza kumbukumbu miaka mingapi. Mara nyingi huwa kati ya 5 na 7, na huanza kuhesabiwa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, si siku uliyonunua.

19 Machi: Simu

Simu imedondoka kutoka juu ya ngazi. Imezima moja kwa moja. Picha za risiti 26 zimekwenda nayo. Karatasi zenyewe zipo, namshukuru Mungu na penseli. Kuanzia leo ni nakala tatu: ya kwenye simu, ya kwenye kompyuta, na moja inayokaa nje ya nyumba, kwenye hifadhi ya intaneti. Saa 2 za kupiga picha upya.

7 Aprili: Excel inanyamaza

Nimehamia Excel, programu ya majedwali kwenye kompyuta. Miezi mitatu ya daftari imeingia kwa jioni mbili, halafu jioni nne za kutafuta kwa nini jumla ya kompyuta ni ndogo kuliko ya daftari. Nilidhani nimekosea kujumlisha kwa mkono. La, nilikuwa sahihi kwa mkono.

Kosa la kwanza: nimezoea kuandika "4,800 taslimu" kwenye daftari, nikaandika vivyo hivyo ndani ya seli, yaani kijumba kimoja cha jedwali. Kwa kompyuta hayo ni maneno, si namba, na fomula ya kujumlisha, SUM, inayaruka kimya kimya. Haipigi kelele wala haiweki alama nyekundu. Seli 14 zilikuwa hivyo. Ukitazama vizuri utaona: namba zinaegemea upande wa kulia wa seli, maneno yanaegemea kushoto. Njia ya haraka ya kuzinasa ni kuweka COUNT na COUNTA za safu moja pembeni. Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili inahesabu kila seli iliyoandikwa kitu. Zikitofautiana, ondoa kichwa cha safu, kilichobaki ni maneno yaliyojificha. "Taslimu" sasa ina safu yake.

La pili lilinichekesha baada ya kunikasirisha. Niliona nimenunua waya Novemba 2, na Novemba haijafika. Niliandika 11/02 nikimaanisha tarehe 11 Februari, na kompyuta yangu imepangwa kusoma mwezi kwanza. Tarehe zote kuanzia 13 kwenda juu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, zimebaki kama maneno. Kwa hiyo nusu ya tarehe zangu zilihamia miezi mingine na nusu hazikuwa tarehe. Kwa kodi hili si la kuchekea. Mstari ukihama mwezi unaweza kuhama mwaka.

Dawa yake ni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-02-11. Ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na una faida ya pili ambayo sikuitarajia: majina ya mafaili ya picha yakianza hivyo, yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Picha ya risiti sasa inaitwa mfano 2024-04-05_kazi17_swichi_3200. Kuanzia hapa hata vichwa vya shajara hii vitafuata.

La tatu ni la kizembe. Jumla niliiweka chini ya safu, nikawa naongeza mistari chini ya jumla. Sasa jumla iko juu kabisa na inashika mistari yote iliyo chini yake.

Gharama ya hatua hii: saa 13. Ndiyo ghali kuliko zote mpaka sasa.

2024-05-12: Tofauti ya 3,150

Mwisho wa kila mwezi nalinganisha salio la jedwali langu na salio la taarifa ya benki. Wahasibu huita usuluhishi wa benki, na jina limefaa, maana mwezi huu tuligombana. Tofauti ilikuwa 3,150.

Dada mhasibu alinipa hila ya zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku kwamba umepindua tarakimu mbili zilizo jirani. 3,150 kwa 9 ni 350 kamili. Nikatafuta namba iliyopinduka, nikaipata: 8,500 niliyoilipa kwa ajili ya kazi namba 19 nimeiandika 5,800. Hiyo ni 2,700. Nikasherehekea mapema, kwa sababu 450 bado ilikuwa imekaa pale inanitazama, nayo inagawanyika kwa 9. Jioni nzima nikatafuta tarakimu nyingine iliyopinduka. Haikuwepo. Ilikuwa makato ya benki, 25 kwa kila uhamisho, mara 18. Hila ya 9 inaonyesha pa kuanzia. Haiapi.

Hayo makato ni gharama halali ya biashara na mwaka jana sikuyadai hata moja. Yalikuwa yameandikwa kwenye taarifa ya benki muda wote.

Jambo jingine nililobadilisha mwezi huu: kila mstari sasa unasema pesa imetoka wapi na imekwenda wapi, pande zote mbili. Kianzio cha mteja kimeingia benki, kikaongeza deni langu kwake. Kazi ikikamilika deni linapungua na pato linaongezeka. Hesabu za pande mbili si mpya. Mtawa Luca Pacioli alizieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa kule walikuwa wakizitumia kabla yake. Nilidhani ni mambo ya makampuni makubwa. Kumbe ni za mtu kama mimi hasa, anayeshika hela za watu wengine kutwa nzima.

2024-06-30: Kisanduku cha kodi

Nilikuwa natenga asilimia 25 ya kila kilichoingia kwa ajili ya kodi. Inasikika kama nidhamu, ilikuwa ujinga. Nilitenga hata kwenye hela ya vifaa ya mteja, na katikati ya Juni sikuwa na pesa ya kununua roli mbili za waya za kazi niliyokwisha kulipwa. Nikachomoa kwenye kisanduku, mara mbili, na kisanduku ukishakizoea mkono hakifungiki tena.

Sasa natenga kwenye pato langu tu baada ya kutoa gharama za kazi ile. Kiwango nimekipata kwa kuchukua kodi yote ya mwaka uliopita, nikaigawa kwa faida yote ya mwaka ule, kisha nikaongeza kidogo juu. Natenga siku pesa inapoingia. Nikisubiri mwisho wa mwezi huwa haipo. Sehemu nyingi anayejiajiri hulipa kodi kwa awamu ndani ya mwaka kwa makadirio, kwa hiyo kisanduku kinafunguliwa kwa tarehe maalumu na si kwa hamu.

Kwenye hili niseme jambo ambalo limenigharimu kazi. Mwaka jana nilikataa kazi ya Desemba nikiogopa "kupanda daraja la kodi". Nilidhani ukivuka daraja, mapato yako yote yanatozwa kiwango cha juu. Sivyo madaraja ya kodi ya mapato yanavyofanya kazi kwa kawaida: kiwango cha juu kinagusa kile kipande kilichovuka tu, kilichobaki kinatozwa kama kilivyokuwa. Vizuizi vya kweli ni vile vingine, kama kiwango cha kujisajili kodi ya ongezeko la thamani. Mteja yule alimchukua fundi mwingine na hajarudi.

2024-08-25: Ankara ya 100,000 iliyolipwa 95,000

Nilifanya kazi kwa kampuni moja, ankara ya 100,000. Zikaingia 95,000. Nikaandika pato 95,000, nikafunga kazi, nikalalamika kimoyomoyo kwamba wamenipunja.

Hawakunipunja. Walikata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka serikalini kwa jina langu. Pato langu ni 100,000, na 5,000 ni kodi niliyokwisha kulipa. Kuandika 95,000 ni makosa mara mbili: unatangaza pato dogo kuliko la kweli, halafu unaipoteza ile 5,000 ambayo ungeitoa kwenye kodi ya mwisho wa mwaka. Lakini kuitoa unahitaji cheti cha zuio, na cheti kilichukua wiki 7. Ujumbe wa kwanza haukujibiwa. Wa pili nilijibiwa na mtu aliyeuliza mimi ni nani. Wa tatu aliyeshughulika yuko likizo. Nilipokwenda mwenyewe nikiwa na ankara mkononi, kilitoka kwa dakika kumi.

Sasa kazi ya kampuni haifungwi kwenye jedwali mpaka safu ya "cheti" iwe na tarehe. Na kwenye ankara zangu, chini kabisa, nimeongeza sentensi ya kuomba cheti pamoja na malipo. Mbili zilizofuata zimekuja na vyeti bila kuombwa mara ya pili.

2024-09-22: Drili na gari

Drili ya 48,000 niliiingiza yote kama gharama ya mwezi niliyoinunua. Kwa kawaida kifaa kinachotumika miaka kadhaa hakidaiwi chote kwa mkupuo, kinadaiwa kama uchakavu. Kwa mafungu sawa ya miaka minne ni 12,000 kila mwaka. Kwa njia ya salio linalopungua, asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka, ni 12,000, kisha 9,000, kisha 6,750, inazidi kushuka. Huchagui unayoipenda. Sheria ndiyo inayosema, na kuna sehemu zinazoruhusu mfanyabiashara mdogo kudai yote mwaka wa kwanza. Nimeangalia, nimerekebisha, na nimeandika orodha ya vifaa vyangu vyote pamoja na namba za kiwandani. Dakika 50.

Gari lilikuwa gumu zaidi. Gari ni moja, linakwenda kazini na linapeleka watoto shule. Nilijaribu kukumbuka safari za miezi mitatu nyuma, nikapata jedwali zuri ambalo hata mimi sikuliamini: kila siku kilomita 20 kamili. Nimelifuta. Sasa kuna daftari dogo limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa dereva, pamoja na penseli. Namba ya kilomita ukianza, ukimaliza, na ulikokwenda. Mwezi wa kwanza: kilomita 1,840, za kazi 1,288. Asilimia 70. Kwa macho nilikuwa nadhani 90.

2024-11-24: Wiki tatu za kimya

Kazi kubwa, jengo la ghorofa, sikuandika kitu siku 21. Dakika 10 kwa siku zingekuwa saa 3 na nusu. Kulipia deni lile kumechukua saa 6. Si saa zinazoniuma. Kuna mistari 9 kwenye taarifa ya benki na pesa za simu ambayo imekosa jina. Pesa imetoka, kiasi kipo, ilikwenda kununua nini sikumbuki.

Nilishawishika kuigawa: hii "vifaa", hii "usafiri". Ingepita. Badala yake nimefungua akaunti inayoitwa "sijui". Mstari ukiwa humo haudaiwi kama gharama mpaka karatasi ionekane. Baada ya kupekua mifuko, gari na kumuuliza msaidizi, mistari 6 imepata jina. Mitatu imebaki, jumla 7,350.

2025-01-05: Kufunga mwaka

Ankara zilizotumwa zikiwa hazijalipwa: 4. Mimi nafuata msingi wa fedha taslimu, kwa hiyo pato ni la siku linapoingia, na hizo nne ni za mwaka mpya. Anayefuata msingi wa ankara angezihesabu sasa. La muhimu ni kutoruka toka huku kwenda huku kila mwaka kwa kuangalia upi una kodi ndogo.

Mhasibu aliniuliza nina vifaa gani vilivyobaki stoo, maana nilivyonunua mwaka unaofungwa na havijatumika ataviweka nje ya gharama. Nina vipande vya roli. Kupima waya uliozungushwa kwa mita ni adhabu, kwa hiyo nilikata mita 5, nikazipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 160, yaani 32 kwa mita. Roli iliyobaki ni gramu 1,984. Mita 62. Roli zote sita kwa dakika ishirini. Mita 5 zile nimezitumia nyumbani, na nimeziandika kama nilizojichukulia.

2025-02-16: Ritani

Imeingia. Kikao kimoja, saa 2 na dakika 40, chai imo humo. Mapato kwa safu, gharama kwa safu, uchakavu, asilimia 70 ya gari, vyeti vitatu vya zuio vimetolewa kwenye kodi. Jumla ya muda wa mradi mwaka mzima, ukiondoa kuandika kwa kila siku: saa 38 na ushee, na zaidi ya nusu yake ni kurekebisha makosa niliyoyaeleza hapo juu. "Sijui" bado ni 7,350. Nimeiacha nje, nimeilipia kodi.

2025-03-09: Nyongeza

Ofisi ya kodi imeuliza risiti moja, ya saketi breka za kazi namba 17. Kwa ule mtindo wa majina ya mafaili nimeipata kwa dakika nne, na tatu kati ya hizo ni kuwasha kompyuta.

Jana msaidizi wangu kaja na karatasi aliyoitoa kwenye mfuko wa ovaroli ya zamani, ile ya kazi ya ghorofa. Upande wa mbele nyeupe pe. Nyuma, kwa penseli, mwandiko wake: kazi 31, klipu na skrubu, 2,150. Ni mmoja wa ile mitatu, kiasi kimeoana kabisa. Kwa afisa wa kodi karatasi hiyo haina kitu, na ritani sitaifungua upya kwa 2,150. Nimehamisha mstari kutoka "sijui" kwenda "vifaa, haikudaiwa". Imebaki 5,200.